Sura ya Nne: Kwa Nini Maziwa Yananikataa?

Tangu nianze kuzungumza na watu kuhusu jeni, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili. Aliyeliuliza vizuri kuliko wote ni mama mmoja anayeuza maziwa karibu na kituo ninapopandia basi. Alikuwa akichota kwa kikombe kutoka kwenye ndoo, akimimina kwenye chupa ya mteja, huku akiongea nami.

"Mwalimu, mimi nauza maziwa, huu mwaka wa kumi na moja. Lakini nikinywa glasi moja tu, tumbo linanguruma mpaka jioni. Nilinyonya miaka miwili, mama yangu yupo, atakuambia. Mbona wakati ule hayakunisumbua?"

"Na mtindi je, mama?"

"Mtindi hauna neno, nakunywa. Halafu yule kijana wa Kimasai anayeniletea maziwa anamaliza lita nzima asubuhi, anakwenda zake."

Hapo kuna maswali matatu. Utotoni alikuwa na kitu gani ambacho sasa hana? Mbona kwa kijana yule hakikuondoka? Na mtindi una nini? Nitaanza na jepesi.

Maziwa yana sukari iitwayo laktosi. Hizo ni sukari mbili zilizoungana, na utumbo hauwezi kuzifyonza mpaka zitenganishwe. Mwenye kazi hiyo ni laktesi. Laktesi ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko la kikemikali mwilini. Laktosi ni chakula, laktesi ni mkasi wake. Mtoto mchanga ana mikasi tele. Kwa watu wengi duniani mikasi hiyo hupungua baada ya kuacha kunyonya, kama inavyopungua kwa ndama na kwa paka. Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana, huko ikavuta maji, na bakteria wakaila na kutoa gesi. Ndiyo ngurumo ile. Mtindi una nafuu kwa sababu bakteria wanaougandisha wamekwisha kula sehemu ya laktosi kabla wewe hujaugusa.

Yanabaki maswali mawili, na hapa wengi hujikwaa. Hudhani mama huyu amepoteza jeni ya laktesi. Jeni ni kipande cha DNA chenye maagizo ya kutengeneza kitu, mara nyingi protini fulani. Yake ipo, nzima, katika seli za utumbo na hata katika seli za ngozi ya kidole chake. Kinachokosekana ni nakala.

## Cheti sandukuni, kopi mkononi

Anayekwenda kuomba kazi hamwachii karani cheti chake halisi cha kidato cha nne. Cheti kinabaki sandukuni, kinachozunguka maofisini ni kopi. Seli nayo hufanya hivyo. DNA haitoki ndani ya kiini cha seli. Maagizo yakihitajika, mashine ya protini iitwayo RNA polimerasi hukaa mwanzoni mwa jeni, ikafungua nyuzi mbili za DNA kidogo, kisha ikatembea ikitoa nakala. Nakala hiyo, RNA mjumbe, ndiyo inayotoka kwenda mahali protini zinapoundwa. Kazi ya kuitoa inaitwa unakili.

Kama umewahi kumuuguza mtu mwenye kifua kikuu, umeshaishi nyumba moja na dawa inayozuia unakili. Rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, hunasa kwenye polimerasi ya bakteria na kuikwamisha ikiwa imeunga herufi mbili tatu tu za nakala. Bakteria asiyeweza kunakili hawezi kuunda protini mpya, na hatimaye hufa. Polimerasi za kwenye viini vya seli zetu zina umbo tofauti, ndiyo maana dawa hii haizikwamishi.

Sasa ugumu. DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufika mita 2 hivi. Seti moja ina herufi karibu bilioni 3, zote za aina nne tu: A, T, G na C. Ndani yake mna jeni zipatazo 20,000 za kuunda protini. Seli ya jicho haina shughuli na laktesi, wala seli ya utumbo haina shughuli na protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Polimerasi peke yake haiwezi kupambanua. Inahitaji kuitwa hapa na kuzuiwa pale, na wanaoita na kuzuia ni protini nyingine, zinazojulikana kama vidhibiti vya unakili. Binadamu ana aina 1,600 hivi. Kila moja hufanya kazi yake kwa kuishika DNA mahali fulani mahsusi.

Inapajuaje mahali hapo?

## Kusoma kwa kupapasa

Chukua kamba ya katani iliyosokotwa kwa nyuzi mbili. Itazame karibu na macho. Kati ya msokoto na msokoto utaona mfereji unaoizunguka kamba nzima. DNA nayo imesokotwa hivyo, ila mifereji yake ni miwili, mmoja mpana na mwingine mwembamba. Herufi zimejificha katikati, zikitazamana jozi jozi: A na T, G na C. Ila hazikujificha zote. Kingo zake huchungulia kwenye mifereji.

Ule mpana una nafasi ya kutosha kuingiza kipande cha protini, mara nyingi kipande kilichojiviringa kama springi nyembamba. Kikiingia, huzigusa kingo za herufi. Kila jozi ina mpangilio wake: hapa pana chaji inayovuta, hapa inayosukuma, hapa pana kinundu. Protini husoma DNA kama asiyeona anavyosoma nukta nundu, kwa vidole, bila kuzitenganisha nyuzi. Kwenye mfereji mpana A iliyotazamana na T haifanani na G iliyotazamana na C, na ukiigeuza jozi kichwa chini, nayo inabadilika mguso. Ninapofika hapa darasani huwa nasimama kidogo. Katika kila seli ya mwili wako, sasa hivi, maelfu kwa maelfu ya protini zinapapasa kamba hiyo gizani.

Baadhi zina vidole kwa jina kabisa. Mwaka 1985 Aaron Klug na wenzake huko Cambridge, Uingereza, wakichunguza protini ya chura mwenye kucha wa Afrika, waligundua vipande vidogo vilivyopangana, kila kimoja kikishikiliwa umbo lake na chembe moja ya zinki. Vikaitwa vidole vya zinki, na kidole kimoja husoma herufi tatu hivi. Vidole hivyo tutakutana navyo tena kwenye damu.

Kwa kawaida kidhibiti husoma mfululizo mfupi, herufi 6 hadi 12 hivi. Zikilingana na vidole vyake, hukaza. Zisipolingana, huteleza mbele au huachia na kurukia kwingine. Hakuna gundi hapo. Kuna mivuto midogo mingi, na mtikisiko wa joto la mwili unatosha kuikatua, kwa hiyo hata protini iliyopata mahali pake haikai daima.

Vitabu vingi hulinganisha jambo hili na swichi ya taa. Mimi siupendi mfano huo, kwa sababu swichi huwa imewaka au imezimwa. Nafikiria kiti cha kinyozi. Cha kuhesabu ni muda ambao kiti kina mtu. Protini zikiwa nyingi na herufi zikilingana vizuri, kiti hakikauki watu, na nakala hutoka kwa wingi. Herufi moja ikibadilika, ni kama msumari umechomoza kwenye kiti. Mteja anakaa, anaruka. Nakala zinapungua au zinakoma kabisa, na jeni yenyewe haijaguswa.

## Laktosi ilivyowafundisha watu wa Paris

Mfano wa kwanza uliotegua kitendawili hiki, kwa bahati njema, unahusu sukari ile ile ya maziwa.

Jacques Monod alikuwa akilea bakteria mjini Paris wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aina moja aliyoichunguza ni E. koli, anayeishi ndani ya matumbo yetu. Aliona kwamba akiwapa sukari ya glukosi na laktosi kwa pamoja, wanamaliza glukosi kwanza. Kisha wanatulia kwa muda, hawaongezeki, kana kwamba wanatafuta vyombo. Halafu ndipo wanaanza laktosi. Baadaye, katika Taasisi ya Pasteur, alijiunga na François Jacob, aliyetamani kuwa daktari wa upasuaji mpaka alipojeruhiwa vibaya Normandy mwaka 1944. Mwaka 1961 wawili hao walichapisha maelezo yao: jeni za kula laktosi hufungwa na kizuizi kinachokaa kwenye DNA. Mwaka 1965 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Lwoff, na kizuizi chenyewe bado hakuna aliyekuwa amekitia mkononi. Walter Gilbert na Benno Müller-Hill walikinasa mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kilikuwa protini. Seli moja ya bakteria ina vizuizi kama 10 tu, na hivyo 10 vinatosha kulinda mahali pamoja kwenye DNA yenye herufi zaidi ya milioni 4.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Laktosi isipokuwepo, kizuizi kinaishika DNA mwanzoni mwa jeni zile, na polimerasi haipati pa kuanzia. Laktosi ikiingia, kiasi kidogo hubadilishwa umbo kikaenda kunasa kwenye kizuizi. Kizuizi kinajipinda, vidole vinalegea, kinaachia. Dakika chache baadaye mikasi imeshaundwa. Chakula kimejifungulia mlango wenyewe. Kuna na protini ya pili, ambayo hushika DNA pale glukosi inapoadimika, huikunja kamba na kuisaidia polimerasi kukaa sawasawa. Bakteria hafungui karakana ya laktosi kwa nguvu zote mpaka masharti mawili yatimie: laktosi ipo, na glukosi, iliyo rahisi zaidi, imekwisha.

Kwa hiyo mama wa pale kituoni akinywa glasi yake, laktosi isiyokatwa inawafikia bakteria wa utumbo mpana, na E. koli wakiwa miongoni mwao vizuizi vyao vinaachia. Jeni yake imenyamaza, zao zinanakiliwa kwa kasi. Ngurumo ya jioni inatokana na hayo mawili kwa pamoja.

Tulipofika mpaka hapa:

- Jeni inaweza kuwepo nzima na isitumike, kwa sababu hainakiliwi.
- Protini zinazoita au kuzuia unakili husoma DNA kwa kuigusa, bila kuifungua.
- Herufi moja kubadilika mahali protini inaposhika kunatosha kubadili kiasi cha nakala.

## Herufi moja, mbali na jeni

Watafiti walipotafuta tofauti kati ya watu wazima wanaovumilia maziwa na wasioyavumilia, walianzia panapoeleweka, ndani ya jeni ya laktesi. Hawakuona kitu. Mwaka 2002 watafiti wa Finland waliipata tofauti karibu herufi 14,000 kabla ya mahali jeni inapoanzia, tena katikati ya jeni nyingine kabisa. Penye C, wanywaji wa Ulaya wana T.

Mbali kote huko inafanyaje kazi? Kumbuka tunazungumzia kamba, na kamba hukunjwa. Kipande hicho cha mbali ni kiti cha protini kadhaa, na zikikikalia, DNA hujikunja kitanzi mpaka zikagusana, kwa kupitia protini nyingine, na polimerasi inayosubiri mwanzoni mwa jeni. Ile T inampa raha zaidi mteja mmoja aitwaye Oct-1. Hukaa vizuri, na jeni huendelea kunakiliwa hata mtu akiwa mzima.

Jambo la kushangaza ni kwamba herufi hiyo ya Ulaya haielezi unywaji wa maziwa wa wafugaji wa Afrika Mashariki. Sarah Tishkoff na wenzake walipima watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Mtu alikunywa gramu 50 za laktosi iliyoyeyushwa kwenye maji, sawa na iliyomo ndani ya lita moja hivi ya maziwa ya ng'ombe, kisha akatobolewa kidole mara kadhaa ndani ya saa moja kupima kama glukosi, moja ya zile sukari mbili zilizoungana katika laktosi, inapanda kwenye damu. Ikipanda, mikasi ipo. Matokeo yalichapishwa rasmi mwaka 2007. Kwa Watanzania na Wakenya wengi wanaovumilia maziwa, herufi iliyobadilika ilikuwa nyingine, kama herufi 100 tu kutoka ile ya Finland, palipokuwa na G pakawa na C. Imekaa baina ya viti viwili vya protini. Mabadiliko mengine mawili yalipatikana jirani yake, na moja kati ya hayo limeenea sana Uarabuni.

Umri wa ile C ulikadiriwa kuwa kati ya miaka 2,700 na 6,800, muda unaokwenda sambamba na kuenea kwa ufugaji katika eneo letu. Kwenye ukame, mtoto aliyeweza kupata maji na nguvu kutoka kwenye kibuyu cha maziwa bila kuhara alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuuona msimu unaofuata. Wafugaji wa Ulaya, wa Uarabuni na wa Bonde la Ufa, kila kundi kwa wakati wake, walipata mto wa kukalia kwenye kiti kile kile.

Nilipomweleza mama yule, aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo mimi siumwi?" Haumwi. Hali yake ndiyo ya asili kwa binadamu, na kijana wa maziwa ndiye mwenye badiliko.

## Kidole kimoja, viti viwili

Kwenye uboho, mahali seli za damu zinapozaliwa, kuna kidhibiti chenye vidole vya zinki kiitwacho GATA1. Jina limetokana na herufi kinazotafuta, G, A, T, A. Hicho ndicho kinachoita unakili wa jeni nyingi za seli nyekundu.

Jeni moja kati ya hizo hutengeneza protini ya kundi la damu la Duffy, inayojitokeza juu ya seli nyekundu. Vimelea vya malaria aina ya vivax huitumia kama mlango. Waafrika wengi sana tuna herufi moja iliyobadilika kwenye kiti cha GATA1 mbele ya jeni hiyo, penye T pana C. Kidole hakishiki. Seli nyekundu zinaundwa bila mlango ule, na vivax huingia kwa shida kubwa. Malaria inayotuua zaidi, falsiparamu, ina milango yake mingine. Lakini seli za mishipa ya damu hutumia vidhibiti vingine kuisoma jeni hiyo hiyo, kwa hiyo protini ya Duffy ipo huko kama kawaida. Badiliko la kwenye kiti limeifunga jeni katika aina moja ya seli na kuiacha wazi kwingine. Lingekuwa ndani ya jeni, lingeiharibu mwili mzima.

Shika hilo, kwa sababu sasa naingia kwenye sikoseli.

Mzazi wa mtoto mwenye sikoseli atakuambia mtoto alizaliwa salama. Miezi inapita, ananenepa. Halafu, mara nyingi kuanzia mwezi wa sita hivi, vidole vya mikono na miguu vinavimba, vinang'aa, mtoto analia kila akiguswa. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York alieleza kwa nini hukawia. Tumboni, mtoto hutumia himoglobini ya aina nyingine, ya kichanga, na jeni yake haina kasoro. Himoglobini ni ile protini inayobeba oksijeni. Baada ya kuzaliwa, jeni ya kichanga hufungwa na ya mtu mzima hufunguliwa, na kasoro ya sikoseli imo kwenye hiyo ya pili. Mwaka 1958 madaktari waliofanya kazi Uganda waliandika kuhusu watu ambao jeni yao ya kichanga haikufungwa kabisa hadi utu uzima, baadhi yao wakiwa wamerithi pia jeni ya sikoseli.

Nani anayeifunga? Mwaka 2008 Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao huko Boston walionyesha kwamba ni protini iitwayo BCL11A. Nayo ina vidole vya zinki, na hushika mbele ya jeni ya kichanga na kuizuia. Ukiiondoa BCL11A, himoglobini ya kichanga inarudi. Lakini huwezi kuiondoa mwilini kote, kwa sababu ubongo na kinga vinaihitaji.

Hapo kiti kikarudi. Jeni ya BCL11A yenyewe, ndani ya seli zinazokuwa nyekundu, hunakiliwa kwa wingi pale GATA1 inapokaa kwenye kipande fulani cha DNA. Matibabu yanayoitwa Casgevy huchukua seli mama za damu za mgonjwa, hukata kiti hicho kwa mkasi wa kimaabara, na kuzirudisha. Seli nyekundu zinakosa BCL11A ya kutosha, sehemu nyingine za mwili zinabaki nayo. Ni njia ile ile ya Duffy, safari hii kwa makusudi. Uingereza iliyaidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba mwaka huo. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kabla ya kurudishiwa seli hizo mgonjwa lazima apewe dawa kali za kuua uboho wa zamani. Kwa familia za Mwanza au Kisumu hiyo bado ni habari ya mbali, na inaniuma kuliandika hili nikijua Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na sikoseli.

Ila ipo kapsuli ya zamani, haidroksiurea, ambayo kwa wagonjwa wengi huongeza himoglobini ya kichanga bila kukata chochote. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yakatangazwa mwishoni mwa mwaka 2018: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Inahitaji daktari wa kupima damu mara kwa mara. Mwenye mtoto mwenye sikoseli akienda kliniki, aiulize kwa jina.